Kabla ya Zege Kumwagwa

Machi 1959 kazi ilianza kwenye jumba la opera la Sydney, na hakukuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua paa lake litasimama vipi. Mbunifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alikuwa ameshinda shindano miaka miwili kabla kwa michoro ya juujuu iliyoonyesha paa la umbo la matanga. Wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walipewa kazi ya kuyageuza matanga hayo kuwa zege, na bado walikuwa wanakuna vichwa. Lakini Joseph Cahill, Waziri Kiongozi wa jimbo la New South Wales, hakuwa tayari kungoja. Alihofia kwamba siasa ikigeuka kabla ya mitambo kuingia saiti, mradi utafia kabatini. Akaamuru waanze. Oktoba ya mwaka huohuo Cahill akafariki dunia, na ujenzi wa jukwaa la chini ukaendelea.

Jibu la paa lilipatikana 1961: magamba yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja, ili mbavu zake zimwagwe kwa kalibu zilezile zikijirudia. Lilikuwa jibu zuri, na lilihitaji mahesabu mengi kiasi kwamba wahandisi waliomba msaada wa kompyuta, kitu kigeni kabisa katika ujenzi wa wakati ule. Ila nguzo za chini zilikwisha kusimama, nazo zilikuwa zimejengwa kwa kukisia. Ikaonekana hazitaweza kulibeba paa, ikabidi zijengwe upya. Utzon alikosana na serikali iliyofuata, akajiuzulu 1966, akaondoka Australia na hakurudi tena kuliona jengo lake. Lilifunguliwa Oktoba 1973, miaka 10 baada ya tarehe iliyopangwa, kwa dola milioni 102 za Australia. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 7. Sehemu kubwa ya fedha ilitokana na bahati nasibu, na labda ndiyo maana walipa kodi hawakuandamana.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa msanii na wanasiasa. Mimi nakisoma kama kisa cha taarifa iliyochelewa. Aliyezimwaga nguzo zile alihitaji kujua uzito wa paa mwaka 1959. Uzito huo ulijulikana miaka kadhaa baadaye. Na kile ambacho wajenzi wa leo wanakiita BIM, yaani modeli ya taarifa za jengo, kilizaliwa na tatizo hilohilo: nani anajua nini, na anakijua lini.

Kabla ya kompyuta, jengo lote lilikuwa katika karatasi, na karatasi zilikuwa nyingi. Mbunifu majengo alichora ramani ya sakafu, kisha mkato, kisha sura ya mbele. Mhandisi wa miundo alichukua nakala yake akachora nguzo na boriti katika shuka lake. Wa umeme naye lake, wa maji lake, wa viyoyozi lake. Mkadiriaji majenzi akakaa na rula ya vipimo na penseli ya rangi, akihesabu milango, akipima kuta, mstari baada ya mstari, ili apate gharama. Mteja akisema dirisha lisogezwe nusu mita, wachoraji walikwangua wino kwenye karatasi ya kunakilishia kwa wembe, taratibu karatasi isitoboke, wakachora upya. Kazi hiyo ilirudiwa kwenye kila shuka ambalo dirisha lile lilionekana. Shuka moja likisahaulika, kosa lilisafiri kimyakimya mpaka saiti, na aliyeligundua alikuwa fundi aliyeshika nyundo.

Charles Eastman alikuwa mbunifu majengo wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Mwaka 1975 aliandika katika jarida la chama cha wabunifu majengo wa Marekani makala iliyouliza kwa nini jengo lielezwe kwa michoro hata kidogo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kitu chenye urefu, upana na kimo hakiwezi kuelezwa kwa karatasi moja. Lazima ziwe mbili au zaidi, na hivyo kipimo kilekile kitaandikwa mara mbili au zaidi, na siku moja vipimo hivyo vitapingana. Akapendekeza jengo lihifadhiwe ndani ya kompyuta kama orodha ya vitu halisi: ukuta huu, wa tofali hili, wenye unene huu, umeshikana na boriti ile. Michoro iwe ni picha tu zinazotolewa kutoka kwenye hifadhi hiyo, upande wowote utakaotaka. Na kwa kuwa mashine inajua kila kitu kilichomo, hesabu ya vifaa na gharama itoke humohumo.

Yeye na wenzake waliutengeneza mfumo huo, wakauita Mfumo wa Kueleza Jengo. Ulikuwa unaishi kwenye mashine kubwa ya chuo ambayo hakuna ofisi ya wabunifu ingeweza kuinunua. Kwa hiyo wazo lilikomaa mapema kuliko vyombo vyake, na likabaki kwenye majarida ya wasomi kwa miaka mingi.

Lilikuja kutoka upya mahali ambapo hakuna aliyepatarajia, Budapest, nyuma ya pazia la Vita Baridi. Gábor Bojár, mwanafizikia wa Hungary, alianzisha kampuni ya Graphisoft mwaka 1982, wakati serikali ya kikomunisti ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kulegeza kamba kwa kampuni ndogo za watu binafsi. Kazi iliyowapa jina ilikuwa ya mabomba ya kinu cha nyuklia cha Paks. Ndani ya kinu kama hicho mabomba yamebanana kila upande, na bomba likikutana na bomba lingine hakuna pa kulipisha. Walilazimika kuyachora kwa pande tatu kwa vikompyuta dhaifu, kwa sababu nchi za Magharibi zilikuwa zimezuia mashine zenye nguvu zisivuke mpaka. Inasimuliwa kwamba Bojár aliweka rehani vito vya mkewe ili kupata mtaji, na kompyuta za Apple ziliingizwa nchini kwa njia za panya. Mwaka 1984 programu yao ya majengo, iliyokuja kujulikana kama ArchiCAD, ilikuwa inafanya kazi juu ya meza ya kawaida.

Soko, hata hivyo, lilikwenda kwingine. Miaka ileile ya themanini ofisi nyingi zilinunua AutoCAD, ambayo ilikuwa penseli ya umeme: mstari ulibaki mstari, ila ulichorwa na kufutwa kwa kasi. Wembe ukastaafu, lakini ukuta ukachorwa bado mara tano kwenye mafaili matano. Ilipofika 2000, watu waliotokea kwenye programu za kubunia mashine, Leonid Raiz na Irwin Jungreis, walitoa Revit. Humo ukisogeza mlango, unasogea kwenye kila shuka, na jedwali la milango linajirekebisha. Autodesk, wenye AutoCAD, waliuona moto unakuja kwao. Mwaka 2002 wakainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 133, na ni wao waliolieneza jina la BIM, ingawa watafiti wawili wa Uholanzi, van Nederveen na Tolman, walikwisha kulitumia katika makala ya 1992.

Wakati wauzaji wa programu wakigombea wateja, mbunifu majengo Frank Gehry alikuwa Bilbao, Hispania, akijenga jengo lililopinda kuliko la Sydney. Ofisi yake ya Los Angeles ilikuwa imeazima CATIA, programu ya Wafaransa wa Dassault iliyotengenezwa kwa ajili ya kubuni ndege. Walikuwa wameijaribu kwenye sanamu kubwa ya samaki huko Barcelona, iliyotakiwa kukamilika kabla ya Olimpiki ya 1992, wakaona inafaa. Kwa jengo lenyewe la Bilbao, jumba la makumbusho la Guggenheim, mfano uliofinyangwa kwa mkono ulipimwa pointi kwa pointi, ukaingizwa kwenye kompyuta, na vipimo vya kila kipande cha chuma vikatoka humo kwenda kiwandani. Aliyekata chuma na aliyebuni walikuwa wanatazama kitu kimoja. Jumba lilifunguliwa Oktoba 1997, kwa wakati na ndani ya bajeti. Gehry mwenyewe hakuwa mtu wa kompyuta. Alichokitaka ni kwamba mkandarasi asije akamwambia umbo hilo halijengeki, au akaongeza bei kwa sababu ya woga.

Woga una bei, na hilo ni jambo ambalo wahasibu wa miradi wanalijua vizuri. Mkandarasi asiyeelewa mchoro hujiwekea akiba ndani ya bei yake. Akielewa, bei hushuka.

Mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha ripoti iliyokadiria kwamba mifumo isiyoelewana iliigharimu sekta ya majengo makubwa ya nchi hiyo dola bilioni 15.8 kwa mwaka. Hizo ni gharama za kuandika upya taarifa iliyokwisha kuandikwa, kutafuta faili lililopotea, kungoja jibu. Cha kushangaza ni nani aliyekuwa akizilipa: karibu theluthi mbili, dola bilioni 10.6, zilimwangukia mwenye jengo na anayeliendesha, kwa sababu baada ya kukabidhiwa funguo na maboksi ya karatasi, alikuwa hajui hata bomba la maji limepita ukuta gani. Dawa iliyotafutwa ilikuwa faili la wazi ambalo programu zote zinaweza kulisoma, la IFC, lililoanza kutolewa katika miaka ya tisini na kuja kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Ni kazi isiyo na mbwembwe, na ningesema ndiyo muhimu kuliko programu yoyote inayouzwa.

Mahali pa kukaa kitambo katika historia hii ni Heathrow, London. Sir John Egan, aliyeiongoza kampuni ya viwanja vya ndege ya BAA katika miaka ya tisini, aliandikia serikali ya Uingereza ripoti kali mwaka 1998 akisema sekta ya ujenzi inakula hasara kwa sababu kila mradi unaanza kama vile hakuna mradi uliowahi kujengwa, na kila mtu anavutia kwake. BAA ikalifanya jengo la tano la abiria kuwa uwanja wa kuijaribu imani hiyo. Ujenzi ulianza 2002. Saiti ilikuwa imebanwa kati ya njia mbili za kurukia ndege, malori hayakuweza kujazana, na winchi ndefu hazikuruhusiwa kwa sababu ya rada na ndege.

Waliweka modeli moja ambayo timu zote za ubunifu zilitakiwa kuitumia. Hilo peke yake lingekuwa mapambo. Jambo zito lilikuwa mkataba: BAA ilikubali kuubeba mzigo wa hatari za mradi yenyewe, ikawalipa wakandarasi gharama zao halisi pamoja na faida, na fungu lililobaki kwa kuepuka matatizo wakagawana. Matokeo yake, mhandisi wa mabomba aliyeona kosa kwenye boriti ya mwenzake hakuwa na sababu ya kunyamaza ili aje kudai fidia. Ilikuwa faida yake kusema leo. Paa lenye upana wa mita 156 bila nguzo katikati lilifanyiwa kwanza jaribio Yorkshire, kilomita mamia kutoka London: sehemu yake ilisimamishwa mashambani huko, kasoro zikaorodheshwa, ikafumuliwa, ndipo mafundi wakaja kuifanya kazi halisi Heathrow, wakiliinua paa kwa jeki badala ya winchi.

Jengo lilikamilika kwa wakati na ndani ya bajeti ya pauni bilioni 4.3. Likafunguliwa Machi 27, 2008, na siku hiyohiyo likageuka kichekesho cha dunia. Wafanyakazi walikosa pa kuegesha magari, wengine hawakuujua mtambo mpya wa mizigo, maelfu ya mabegi yakapotea, mamia ya safari yakafutwa siku zilizofuata. Kila bomba lilikuwa limepangiwa mahali pake. Mfanyakazi wa alfajiri hakuwa amefanyiwa mazoezi kama yale ya paa.

Serikali nazo zikaingia kwenye BIM. Idara ya majengo ya serikali ya Finland, Senate Properties, ilianza kudai modeli katika miradi yake Oktoba 2007. Singapore iliwataka waombaji wa vibali walete modeli, hatua kwa hatua kuanzia 2013. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba kufikia Aprili 2016 miradi ya serikali kuu lazima itumie BIM ya ushirikiano, ikilenga kupunguza gharama kwa asilimia 15 hadi 20. Wauzaji wa programu walikuwa wakitembea na takwimu za kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford za 2007, zilizotokana na miradi 32: mabadiliko yasiyokuwa kwenye bajeti kupungua hadi asilimia 40, muda wa kuandaa makadirio ya gharama kupungua hadi asilimia 80, muda wa mradi hadi asilimia 7. Hilo neno "hadi" hufanya kazi kubwa kwenye sentensi za aina hii. Miradi iliyochunguzwa ilikuwa ya watu waliojitolea kuwa wa kwanza, na aliye wa kwanza kwa hiari kwa kawaida ni mtu aliye makini tangu mwanzo.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Marekani mwaka 2011, kampuni moja ya bima ilipoeleza hadharani kesi ya jengo la sayansi la chuo kikuu. Hebu tuiangalie kwa karibu. Kati ya zege la sakafu ya juu na dari ya chumba huwa kuna nafasi, na ndani yake hupita njia za hewa, mabomba ya maji, mabomba ya zimamoto na trei za nyaya. Katika maabara vitu hivyo ni vingi kuliko kwenye ofisi. Mbunifu na mhandisi wake walitumia modeli, wakafanikiwa kuvipanga vyote katika nafasi finyu sana bila kimoja kugusa kingine. Kwenye skrini palikuwa safi. Lakini mpangilio ule uliwezekana kwa sharti moja: vitu viingizwe kwa mfuatano maalumu, hiki kwanza, kile baadaye. Sharti hilo hawakumwambia mkandarasi. Yeye akafunga vyake kwa utaratibu aliouzoea, na alipofika kiasi cha asilimia 70 ya kazi, nafasi ikaisha.

Mkandarasi akamshtaki mwenye jengo, mwenye jengo akamgeukia mbunifu, mhandisi naye akaburuzwa. Wakamalizana nje ya mahakama kwa mamilioni ya dola. Modeli haikukosea hata milimita moja. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi ndiye aliyekosa simu moja ya kumweleza aanze na kipi.

London ilipata funzo linalofanana na hilo, kwa ukubwa wa kutisha. Crossrail, reli ya chini ya jiji yenye kilomita 42 za mahandaki mapya, ilijinadi kuwa mradi mkubwa wa kwanza wa aina yake kutumia BIM tangu kubuniwa hadi kuendeshwa. Ilianzisha hata chuo cha kuwafunza wakandarasi taarifa zishughulikiwe vipi. Ilitakiwa kufunguliwa Desemba 2018. Miezi michache kabla ya hapo wakubwa walikiri haitawezekana, na abiria wa kwanza walipanda Mei 24, 2022, gharama ikiwa imezidi bajeti kwa mabilioni ya pauni. Mahandaki hayakuwa tatizo. Wakaguzi wa serikali walikuta kazi imegawanywa kwenye makumi ya mikataba mikubwa, na mipaka kati ya mkataba na mkataba haina mwenyewe. Kila mkandarasi alikuwa na modeli nzuri ya kipande chake. Mifumo ya ishara za treni ilipotakiwa kuzungumza na stesheni, na stesheni na treni zenyewe, hakukuwa na ratiba moja ya kuaminika iliyoonyesha nani anamngoja nani.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kampuni ya ushauri ya McKinsey, katika ripoti yake ya 2017, ilikuta tija ya mfanyakazi wa ujenzi duniani imekua kwa asilimia 1 tu kwa mwaka katika miongo miwili, wakati viwandani ilikuwa asilimia 3.6. Miongo hiyo miwili ndiyo hasa iliyokuwa ya Revit, ya Bilbao na ya Heathrow. Chombo kilikuwepo. Mikataba ilibaki ileile.

Na mikataba hiyo sisi wa Afrika Mashariki tunaijua, maana tuliirithi kwa Mwingereza pamoja na cheo cha mkadiriaji majenzi: mbunifu anamaliza michoro yake, zabuni inatangazwa, na mkandarasi anaingia mwishoni, akikuta kila kitu kimeamuliwa na watu ambao hajawahi kukaa nao meza moja. Ofisi zetu za vijana Nairobi na Dar es Salaam zinajua kuendesha programu hizi vizuri tu. Wanachokosa ni mteja anayewaruhusu wakutane mapema. Kama wewe ndiye mwenye kiwanja au mwenye kusaini zabuni, mwite mkandarasi, fundi bomba na fundi umeme wakati jengo bado ni modeli, uwalipe kwa siku hizo za mezani, uandike kwenye mkataba kwamba aliyeona kosa analisema bila kuadhibiwa, na siku ya kukabidhiwa funguo udai faili la IFC lenye kila bomba lililojengwa kweli. Usikubali maboksi ya karatasi.